Mforosadi wa Kwenye Debe

Agneta Nasambu alirudi kwao Misikhu mwanzoni mwa mwaka wa tisini na mbili akiwa na godoro, sufuria mbili, ungo uliofunikwa kwa leso, na mzigo wa fimbo ndani ya gunia lililoloa maji. Godoro na sufuria hakuna aliyeviulizia. Miezi hiyo watu walikuwa wakiteremka kutoka upande wa Kitale na mlimani na vyombo vyao vichwani, nyumba zimechomwa, wakilala kwenye madarasa na nyua za makanisa. Lakini fimbo! Lenah, mke wa ndugu yake, alizigusa kwa ncha ya mguu akauliza kama huko juu walisikia ati kuni zimekwisha Misikhu.

"Si kuni," Agneta akasema. "Ni miti ya Kimeli."

"Na Kimeli mwenyewe?"

"Anakuja. Amesema atakuja kuipanda kabla mvua haijashika."

Wabwile, ndugu yake, akatazama pembeni. Alikuwa mtu mpole, na alijua kama kila mtu alivyojua kwamba watu wa Kimeli, mume wa dada yake, na watu wa kwao hawakuwa wakitembeleana mwaka ule. Akalibeba godoro akaliingiza ndani.

Ahadi ni deni, wahenga walisema, ila hawakusema anayengoja ale nini. Na ili mtu aelewe kwa nini Agneta hakuchukua tu jembe akazichimbia fimbo zake siku ileile, yambidi ajue jambo moja la huku kwetu. Mwanamke wa huku hupanda kila kitu. Hupanda mahindi, maharagwe, wimbi, viazi, na mboga za kienyeji za kila jina. Lakini mti hapandi. Mti ni mpaka, mti ni urithi, mti ni kusema hapa ni pangu. Mwanamke akichimba shimo akatia mti na mumewe angali hai, amemchimbia mumewe kaburi. Ndivyo wazee walivyosema, na wake zao wakaitikia. Cha kuchekesha ni kwamba mwanamke huyohuyo ndiye atakayeumwagilia huo mti, ataupalilia, na atabeba kuni zake mgongoni mpaka azeeke. Kuupanda tu ndiyo hatia. Kwa watu wa Kimeli kule mlimani mambo yalikuwa hivyohivyo, kwa hiyo katika hilo, angalau, pande zote mbili zilikuwa zimepatana.

Agneta na Kimeli walikutana Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yeye alikuwa akipika chapati kwenye hoteli moja karibu na stendi, na Kimeli alikuwa akileta maziwa asubuhi. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya na maneno machache, na alimwoa bila kuwasikiliza waliomwambia kwamba mke hutolewa nyumbani, hafuatwi Bungoma. Shamba lao lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Suam, ekari chache za mahindi na baridi ya asubuhi inayouma vidole. Walikaa mwaka, wakakaa wa pili na wa tatu. Mtoto hakuja. Shangazi za Kimeli wakaanza kuja kunywa chai na kuondoka bila kuimaliza, wakinong'ona kwa lugha yao juu ya wasichana fulani wenye heshima. Kimeli aliwajibu kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa hapana. Agneta alilijua neno hilo kabla ya kujua maneno mengine yote ya lugha ile.

Mwaka wa themanini na tano, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, wakakuta kibanda cha hariri. Bwana shamba mmoja aliyeitwa Mathenge alikuwa amepanga nyungo zilizojaa viwavi weupe, wanene kama kidole cha mtoto, wakila majani. Wanawake walipita wakisonya. Agneta aliinama. Akasikia sauti yao, mamia kwa mamia wakitafuna kwa pamoja, kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba.

"Hawa wanakula hata usiku?" akauliza.

"Hawa hawana saa, mama," Mathenge akasema. "Ukifuga hawa, nyumba haiwezi kunyamaza."

Alisema kwa mzaha, kama muuzaji yeyote. Lakini Kimeli aliyekuwa amesimama nyuma ya mkewe aliona jinsi alivyoganda pale pale ameinama, na jioni hiyo walirudi nyumbani na vipande vya mforosadi, mti ule ambao majani yake ndiyo chakula pekee cha viwavi wa hariri na matunda yake meusi hupaka midomo ya watoto rangi.

Kimeli ndiye aliyepanda, bila shaka. Alikuwa na namna yake. Alikilaza kipande upande badala ya kukisimamisha, macho ya kipande, pale yanapochipua majani, yakitazama mawio ya jua. Na hakutosheka na aina moja. Mathenge alileta ile ya jani pana, jani kubwa kama sahani, tamu kwa viwavi wakubwa wanaokula kama wanashindana. Kimeli akaongeza ya pili, aliyoikata kwenye ua wa nyumba ya mlowezi aliyehama zamani, wakaiita Mzungu. Majani yake yalikuwa laini, na viwavi waliozaliwa jana, wadogo kama nyuzi, waliweza kuyatafuna. Ya tatu aliitoa Suam, karibu na mto wa mpaka. Hiyo ilikuwa na majani madogo, magumu, yasiyovutia hata mbuzi. Lakini Januari, jua linapokausha kila kitu na aina zile nyingine zimepukutika, Suam ilibaki kijani. Akazipanda kwa kuchanganya: jani pana, Mzungu, Suam, kisha tena jani pana, Mzungu, Suam, mstari kwa mstari. Ukiliona shamba hilo kwa mbali ungedhani limepandwa na mlevi.

"Kazini wananiambia nilete jani pana peke yake," Mathenge aliwaambia alipokuja kuwatembelea. "Nimeleta. Lakini mkitaka shauri langu mimi kama mtu, hiyo ingine msing'oe. Boma ya mti moja ikipata ugonjwa, inakwisha yote."

Ndiye pia aliyewaletea mayai ya aina mbili. Yale ya viwavi weupe wenye hariri nyingi yalitoka Thika kila msimu, kwa sababu ukizalisha mwenyewe kizazi kinachofuata hakifanani na wazazi wake. Yale mengine yalikuwa ya viwavi wadogo wa zamani, wanaojisokotea vifuko vya rangi ya manjano. Hariri yao si nyingi, lakini ukiwaachia wachache watoke nondo, nondo hutaga mayai juu ya karatasi, na mayai huanguliwa, na hivyo hivyo bila kumngoja mtu yeyote. Agneta aliwapenda hao wa manjano. Alisema wana adabu ya watu maskini.

Kufuga viwavi kulikuwa na miiko yake. Hawataki moshi, hawataki manukato, hawataki dawa ya mbu wala mafuta ya kuchua kifua. Kimeli, aliyekuwa akivuta sigara tangu ujanani, aliziacha, na hakuna mahubiri yaliyokuwa yamemfanya aziache kabla ya hapo. Wakati wa viwavi kula sana aliamka yeye kuwalisha ili Agneta alale. Wakati mwingine Agneta hakulala. Alijilaza kimya akimsikiliza mume wake akizungumza na wadudu, na alikuwa na furaha. Naisema wazi, kwa sababu watu hudhani mwanamke asiye na mtoto hawezi kuwa na furaha. Alikuwa nayo, miaka sita kamili, kwenye nyumba ile ya barabara ya Suam.

Kisha mwisho wa mwaka wa tisini na moja moshi ukaanza kuonekana mahali ambapo hapakuwa na shamba la kuchoma. Jirani mmoja alikuja, akakataa kuketi, akamwambia Kimeli, "Mama aende kwao kidogo. Mimi sisemi kitu ingine." Kesho yake alfajiri Kimeli alikuwa kwenye miforosadi na panga. Alikata fimbo za kila aina, akazigawa mafungu mawili, akalifunga kila fungu ndani ya gunia lenye maji.

"Nusu yako, nusu yangu," akasema. "Kama yako itakufa, yangu itakuwako. Kama yangu itakufa, yako itakuwako."

"Na nikifika nifanye nini nazo?"

"Weka tu kwa maji. Wewe usipande. Nitakuja kupanda mwenyewe."

"Na usipokuja?"

"Si nimesema nitakuja."

Akampandisha kwenye lori lililokuwa likiteremka na mahindi, akamkabidhi ungo wenye karatasi ya mayai ya manjano, na akabaki amesimama barabarani mikono ikining'inia. Lori lilipofika Kiminini Agneta aliona watu wameketi kando ya maduka na magodoro yao. Ndipo akili yake ilipokubali kwamba hakuwa akienda kusalimia. Akalinyunyizia gunia maji ya chupa yake ya kunywa.

Mvua ikashika. Kimeli hakuja.

"Dada, wacha nichimbe mashimo," Wabwile akamwambia mwezi wa nne. "Nipande hii kitu yako kabla haijakauka."

"Ukipanda wewe itakuwa ya nani?"

"Si yako."

"Shamba lako, mkono wako. Watasema umenirudisha nyumbani. Watasema ndoa imekwisha."

Wabwile hakubisha, maana ndivyo wangesema. Akipanda ndugu, ndoa imekufa. Akipanda mke, mume amekufa. Zikibaki kwenye gunia, fimbo zenyewe zitakufa. Agneta aliwaza usiku kucha na asubuhi akaenda kwa mwenye duka akaomba madebe matatu matupu ya mafuta ya kupikia. Akayatoboa matundu chini, akayajaza mchanga na samadi, akasimamisha kila aina kwenye debe lake, kivulini pa ghala la mahindi.

Lenah akaja mbio. "Si hiyo ndiyo kupanda, Agneta?"

"Hii ni debe," Agneta akajibu. "Debe si shamba. Naweza kubeba sasa hivi niende nayo."

Jambo hilo lilizungumzwa sokoni Misikhu wiki nzima. Wengine walisema kupanda ni kupanda, hata kama ni kwenye kikombe. Wengine wakasema mti usiogusa ardhi ni mzigo tu kama mizigo mingine. Mwishowe vikongwe wakaamua kwamba debe si ardhi, na kwamba Kimeli, popote alipo, bado anapumua. Agneta alipoambiwa hivyo alishukuru kama mtu aliyeletewa habari kutoka kwa Kimeli mwenyewe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi alilima na Lenah, na hakuwa mvivu, hata Lenah alikiri. Jioni aliingia kwenye kibanda alichopewa, kilichokuwa jiko la zamani. Alikuwa amekikwangua masizi na kukikandika upya kwa samadi na udongo, ili viwavi wasisikie harufu ya moshi. Majani ya kuwalisha aliyafuata kanisani, ambako mapadre wa zamani waliacha mforosadi mmoja mkubwa ambao hakuna aliyejua jina lake. Kwa kuwa hakutaka moto karibu na kibanda, alipika nje peke yake, akala nje peke yake. Wanawake waliokuja kumtembelea aliwauliza kwanza mlangoni kama wamejipaka mafuta yenye harufu. Mtu huulizwa hivyo mara moja, mara ya pili haji. Watoto wakambatiza Mama Minyoo.

Viwavi wake walisokota, nondo wakatoka, wakataga, wakafa, na mayai yakaanguliwa tena. Vile vifuko vya manjano alivitia kwenye gunia lililoning'inia darini. Hapakuwa na mnunuzi, kwa maana Mathenge hakujua Agneta alikoelekea, na gari la kununua hariri halikuwahi kufika Misikhu. Aliendelea tu. Alipowalisha aliongea nao kwa lugha ya Kimeli, ili asiisahau, na pia kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine Misikhu aliyetaka kuisikia lugha hiyo mwaka huo.

Kiangazi cha kwanza kikaua Mzungu. Majani yalijikunja, kisha shina likawa jeusi kuanzia juu. Msimu wa mvua uliofuata jani pana likapata madoa, maji yakatuama kwenye debe, na siku moja Agneta alivuta fimbo taratibu ikatoka mikononi mwake bila mzizi hata mmoja. Akaitupa kwenye moto wa kupikia, akaketi akiitazama ikiungua, na akalia kwa hasira. Angeweza kuziokoa zote mbili. Ardhi ilikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwenye debe, nyekundu na yenye rutuba, na ilitaka jembe tu.

Ikabaki Suam. Januari ya mwaka wa tisini na nne, mti wa kanisani ulipopukutika wote, majani magumu ya debe lile ndiyo yaliyowashikilia viwavi wachache wa mwisho wasife. Aliwakatakatia kwa kisu yakawa kama ugoro. Lakini kufikia mwezi wa pili hata Suam ikaanza kuwa na rangi ya njano. Mizizi ilikuwa imetokeza kwenye matundu ya chini, ikapapasa juu ya ardhi iliyokauka, ikarudi. Agneta hakuhitaji bwana shamba wa kumweleza. Mti ule usiposhushwa ardhini mvua hii, hautaona kiangazi kingine, na viwavi wa manjano pia hawatakiona.

Mtu pekee aliyekuwa akija kwake bila kujali kuulizwa habari za mafuta alikuwa Sally. Sally aliuza mitumba Misikhu, na mizigo yake aliifuata Suam, mpakani. Alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto na kicheko cha kumwamsha mtoto. Kila alipokwenda Agneta alimwambia vilevile, "Ukiona miforosadi imepandwa kwa kuchanganya, imelala upande, ulizia mwenyewe." Sally alikuwa ameahidi mara nyingi na kusahau mara nyingi.

Mwezi wa tatu alirudi kutoka Suam, akaja moja kwa moja kwenye kibanda kabla hata ya kutua mzigo. Hakucheka. Akaketi juu ya kigoda nje.

"Nimeona miti yako," akasema.

Agneta alikuwa ameshika ungo. Akauweka chini.

"Ng'ambo, upande wa Uganda. Kando ya njia. Jani kubwa, jani laini, jani ndogo, halafu tena jani kubwa. Imelala upande, vile ulisema. Nikasema, hii siwezi kupita. Nikabisha."

"Halafu?"

"Msichana mmoja akatoka. Mdogo. Ako na mtoto mgongoni na tumbo iko hapa." Sally akaonyesha kwa mkono. "Nikauliza mwenye miti. Akasema, baba ya mtoto ameenda kunywesha ng'ombe. Nikangoja. Agneta, ni yeye. Ako na ile mwanya."

Agneta akauliza kama anaumwa popote. Sally akasema haumwi. Akauliza kama amekonda. Sally akasema kidogo.

"Alisema ndugu zake walivukisha ng'ombe wakati wa ile shida, na yeye akaenda nao, na huko wakampatia bibi. Alisema hakuitisha. Hiyo mimi sijui, bana, mimi nilikuwa nimekuja kutafuta nguo. Aliniuliza kama umepanda. Nikamwambia umekataa, zingine zimekauka kwa debe, imebaki hiyo moja." Sally akavuta pumzi. "Akasema, mwambie asipande. Mwambie nitakuja kupanda mwenyewe."

Hapo Agneta alicheka. Sally alisema baadaye kwamba kicheko hicho ndicho kilichomtisha kuliko kama angeanguka chini. Subira yavuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huchagua methali kulingana na siku aliyo nayo. Miaka miwili alikuwa ameuzuia mti usiguse ardhi ili mwanamume asife, na mwanamume huyo alikuwa ng'ambo ya mto akichimba mashimo, akizaa. Hakumchukia. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hata wakati huo moyo wake ulishukuru kwanza kwamba yu mzima.

"Usimwambie mtu," akamwambia Sally.

Kesho yake, mchana, siku ya soko, watu wakipita barabarani na vikapu vyao, Agneta alibeba debe mpaka karibu na lango la boma la Wabwile, mahali ambapo kila mpita njia angeona. Akachimba shimo. Akalipasua debe kwa panga, akalibandua kama mtu anavyobandua ganda. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani mpaka ikachukua umbo la debe, na pembe zake nne. Akaifungua kwa vidole, akaulaza mti upande kidogo, ukitazama mawio, akarudishia udongo, akaukanyaga.

Lenah alikuwa akitoka kuteka maji. Akasimama langoni, ndoo kichwani.

"Agneta! Nini hiyo unafanya?"

"Napanda."

Lenah akamtazama usoni, akautazama mti, akamtazama tena. "Kimeli?"

"Amekufa," Agneta akasema.

Ndoo ikaanguka. Lenah, ambaye hakuwahi hata siku moja kumpenda Kimeli, alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga ukemi ulioita majirani wote. Wanawake wakaacha mboga zao sokoni wakaja mbio. Wanaume wakaleta viti. Hapakuwa na maiti, lakini mwaka ule watu walikuwa wamekwisha kuzoea misiba isiyo na maiti, na hakuna aliyeshangaa sana. Wabwile alikuja kutoka shambani, akamkuta dada yake ameketi chini kando ya mti miguu ameinyoosha.

"Ulipata habari lini?"

"Jana."

"Alikufaje?"

"Wabwile, mti uko kwa shimo. Usiniulize tena."

Wabwile alikwenda akafungua kondoo wa kuchinja matanga.

Alasiri Sally akaja. Alisikia vilio tangu barabarani, akasimama langoni akatazama umati, akautazama mforosadi uliopandwa, kisha akamtazama Agneta. Katika watu wote waliokuwa pale yeye peke yake ndiye aliyekuwa amemwona marehemu juzi, mzima, akinywesha ng'ombe. Agneta aliyainua macho yake na hakuyaondoa. Sally akafungua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini, na kwa ile sauti yake ya kusikika ng'ambo ya mto akaanza kumlilia Kimeli kuliko wote. Hapo ndipo machozi ya Agneta yalipomtoka. Alikuwa amekusudia kuigiza tu, lakini aliposikia jina la mumewe likiitwa namna ile na wanawake wote hao alilia kweli, kwa sauti, mpaka wakamshika asijipige chini.

Mjane anaruhusiwa kupanda miti. Hana tena wa kumuua. Miaka iliyofuata Agneta alikata vipande vya Suam akavipanda kuzunguka boma lote, na wajane wengine wawili watatu wakaja kuomba. Viwavi wa manjano wakaongezeka. Kikundi cha akina mama cha Bungoma kikaanza kununua vifuko vyake. Lakini viwavi wachanga wengi walikufa kila msimu, kwa sababu majani ya Suam ni magumu kwa midomo yao, na wale wakubwa hawakunenepa kama ambavyo wangenenepa kwa jani pana. Aina moja ni aina moja. Alikuwa na miti ya kumtosha na bado alikuwa na upungufu. Jioni aliendelea kuzungumza na wadudu, kwa lugha ileile.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za kwanza zikinyesha, alikuwa akichuma majani karibu na lango aliposikia mtu akimwita Nasambu. Watu wa Misikhu walimwita Mama Minyoo, au Agneta. Aliitambua sauti kabla ya kugeuka.

Kimeli alikuwa amesimama nje ya ua, nywele zimeingia mvi, gunia lenye maji begani. Alikuwa akiutazama ule mti wa langoni, ambao sasa ulimpita kimo. Aliutazama kwa muda mrefu, na alipoyashusha macho alikuwa amekwisha kuelewa.

"Nilisema usipande," akasema kwa lugha yake.

"Nilisikia. Sally alinifikishia," Agneta akajibu kwa lugha hiyohiyo, na ulimi haukukwama hata kidogo.

"Walinililia?"

"Walikulilia vizuri. Wabwile alichinja kondoo."

"Na wewe?"

"Mimi kuliko wao."

Kimeli akatikisa kichwa polepole. Akatua gunia, akalifungua mdomo, na Agneta akaona fimbo zilizokatwa karibuni, mafungu mawili. La kwanza lilikuwa jani pana. La pili lilikuwa Mzungu.

"Sally alisema zako zilikufa," akasema. "Na mimi nilisema nitakuja kupanda." Macho yake yakazunguka bomani yakitafuta jembe.

Agneta alisimama langoni mikono ameipanua kidogo, kama anayezuia kuku. Alitamani kumpa chai. Alitamani kumuuliza watoto wanaitwa nani. Lakini mtu aliyekwisha kuliliwa haingii bomani kwa lango, na hashiki jembe la watu walio hai, na yeye mwenyewe ndiye aliyemweka huko.

"Lenah akikuona ataanguka," akasema. "Nenda kabla Wabwile hajarudi."

Kimeli alicheka kidogo, na ule mwanya ukaonekana. Aliliegemeza gunia kwenye shina la mforosadi, kutokea upande wa nje, akaligusa shina kwa kiganja, akaenda zake. Agneta alimtazama hadi barabara ilipopinda, naye hakugeuka nyuma.

Kisha akaingia ndani akachukua jembe. Akachimba mashimo kati ya mistari ya Suam, akazilaza fimbo upande, macho yakitazama mawio, jani pana, Mzungu, jani pana, Mzungu, jinsi alivyoonyeshwa zamani. Watu walipita barabarani wakamsalimu, akawaitikia. Safari hii hakuna aliyekuja kulia.